Chungu Chetu Kiitwe kwa Jina Lake

Mgeni akishuka mashuani Mkokoni, akaandaliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, aghalabu hula akashiba, kisha akasema: "Kitamu kweli chakula hiki cha Kiarabu!" Nasi wenyeji hucheka, tukaitikia. Kucheka huko ndiko kunakotutia wasiwasi.

Natuazime mfano wa mbali. Wahispania waliuteka mji mkuu wa Meksiko mwaka 1521, wakapeleka ngano, mchele, miwa na ng'ombe. Hata leo wako wadhanio kuwa mapishi ya nchi mbili hizo ni mamoja, kwa kuwa lugha ni moja. Sivyo. Mmeksiko huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, akayasaga, akachoma mkate mwembamba auitao tortilla, na pilipili haimkosi. Mwagize Mhispania tortilla, atakuletea mayai na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya zeituni. Jina moja, sahani mbili.

Na huyo Mhispania naye alipokea. Waislamu walitawala katika Andalusi tangu mwaka 711 hata 1492. Mchele yeye huuita arroz, zafarani huiita azafrán, mafuta huyaita aceite. Aliyepita chuoni hahitaji kufasiriwa. Hata hivyo, wali wa Valencia huitwa paella, nao ni wa Valencia.

Basi kwa nini sisi tujinyime? Naam, tumepokea. Mahindi, muhogo na pilipili kali asili yake ni Amerika, vikatufikia baada ya Wareno kuijia pwani hii mwaka 1498. Biriani nayo ilitujia kutoka Bara Hindi. Lakini Mhindi aghalabu hupanga mchele na nyama tabaka kwa tabaka katika chombo kimoja. Mpishi wa pwani hupika wali mbali na masala mbali, vikakutana sahanini. Na tui la kwanza na la pili, nani aliyemfunza mama wa Kibajuni lipi litangulie chunguni na lipi lingoje? Ni mama yake.

Meksiko haikuona haya. Mwaka 2010 mapishi yake ya jadi yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa wanadamu. Mji wa Kale wa Lamu nao uliandikwa mwaka 2001, na sifa yake ni majumba ya mawe. Twashukuru. Lakini siku mkate wa mofa utakapokuwa hadithi tu, kuta hazitatulisha.

Twawaomba wenye mahoteli, kuanzia Kiwayu hata Shela: andikeni vyakula kwa majina yake. Enyi wazazi, waiteni watoto jikoni, wa kike na wa kiume, wajue kukuna nazi na kushika kifumbu. Na mgeni akisema ni cha Kiarabu, tusicheke. Tumwambie kwa adabu: ni cha Mkokoni hiki, karibu tena. Mwacha mila ni mtumwa.