Mchanga ni Wetu, Njia Je?



Kila Idi na kila Disemba mzozo ni ule ule. Familia imepakia watoto kwenye tuktuk, imebeba chakula na maji, imefika kwenye njia ya kuteremkia baharini. Pale inakuta kamba imefungwa, na kijana ameketi kwenye kiti cha plastiki anadai pesa ya kuegesha. Ukimuuliza risiti, anakutazama tu. Ukimuuliza ametumwa na nani, mara atasema ni kanjo, mara atasema ni mwenye ploti. Dereva hataki kugombana, anawashusha abiria barabarani, na bibi wa miaka sabini anatembea juani na fimbo yake. Wengine hugeuza wakarudi nyumbani.

Wako wanaosema hizi ni kelele za shilingi mia, tusiwachoshe viongozi. Sisi tunasema suala ni kubwa kuliko hiyo mia. Ni swali la nani anaruhusiwa kufika baharini katika mji ambao mababu zetu waliujenga kwa ajili ya bahari.

Tuanze na sheria, kwa sababu getini watu hupigishana kelele bila kuijua. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa lugha yetu ya pwani: kuanzia pale maji yanapofika yakijaa hadi pale yanaporudi yakipwa. Serikali ya kitaifa inaishika ardhi hiyo kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Hoteli hapo ni mpita njia kama wewe. Mwenye villa pia. Mlinzi anayemfukuza mtoto anayeogelea mbele ya hoteli hana sheria ya kusimamia.

Hapo wengi wetu hufurahi na kusema basi, tumeshinda. Lakini angalia ramani. Mchanga ni wetu, ila ili ufike mchangani lazima upite kati ya ploti za watu. Kuanzia ufuo wa Bofa kule Kilifi, ukapanda Watamu na Mayungu, ukafika Silversands, ukavuka hadi Mambrui, mbele ya bahari kumejaa kuta. Katikati ya hizo kuta ndimo zilimopita njia za umma, zile ambazo wapimaji walizichora kwenye ramani za upimaji. Ibara hiyo hiyo ya 62 inazitaja barabara na njia zilizowekwa kwa mujibu wa sheria kuwa ardhi ya umma. Njia iliyo kwenye ramani haiwezi kugeuka bustani ya jirani kwa sababu jirani amependa.

Na zinapotea vipi? Pole pole. Kwanza yanapandwa maua pembeni. Kisha linawekwa bango la "Njia ya Binafsi". Mwaka unaofuata ni geti, mchana liko wazi, usiku linafungwa. Halafu anakuja mlinzi na daftari la kuandika majina. Baada ya miaka kumi, kijana aliyekulia mtaa huo huo anaapa kwamba hapo pamekuwa pa mtu siku zote. Ieleweke: sheria ya Kenya haimruhusu mtu kudai ardhi ya serikali kwa sababu tu ameikalia muda mrefu. Na Ibara ya 40 inasema ulinzi wa mali hauihusu mali iliyothibitishwa kupatikana kinyume cha sheria. Umri wa geti hauipi haki.

Hapa tuseme jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Kuna usemi mtaani kwamba "mita sitini kutoka maji kujaa zote ni za umma, kila mahali." Sivyo moja kwa moja. Kanuni za Upimaji za 1994, kanuni ya 110, zinasema ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Waziri alipewa uwezo wa kuupunguza katika hali maalum. Na pwani yetu ina hati za zamani, nyingine zikitokana na sheria ya hatimiliki ya wakoloni ya 1908, zilizotolewa miaka mingi kabla ya kanuni hii. Kwa hiyo ukisimama mbele ya ploti na kupigia kelele mita sitini bila kuangalia ramani, wakili wa mwenye ploti atakuaibisha. Ukanda wa kati ya maji kujaa na maji kupwa, huo hauna mjadala. Na njia iliyochorwa haina mjadala. Tushike hayo mawili.

Sasa tuje kwenye pakingi, maana ndiyo geti jipya.

Mtu akishindwa kuziba njia, anaweza kuzuia magari yasisimame. Matokeo ni yale yale. Anayelala hotelini atafika. Anayekaa karibu atatembea. Lakini mtu wa Ganda, wa Gede, wa Tezo, aliyekuja na mama mzee na watoto wanne, atafikaje? Mlemavu wa kiti cha magurudumu je? Mvuvi anayebeba mashine ya boti na barafu, na mama wa samaki mwenye ndoo mbili, wao hawaji pwani kupunga upepo. Wanakuja kazini. Tuktuk ikizuiliwa nusu kilomita, samaki anaharibika na faida ya siku inaisha. Bandari za wavuvi zina vikundi vya BMU vilivyosajiliwa kisheria, lakini kikundi kisicho na njia ya kuteremsha na kupandisha kinasimamia nini?

Kwenye ada sheria iko wazi. Ibara ya 210 inasema kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa ila kwa sheria. Ibara ya 209 inaziruhusu kaunti kutoza malipo kwa huduma zinazotoa. Na Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti mambo mawili yanayotuhusu hapa: trafiki na maegesho, pamoja na bustani na fuo za burudani. Kwa hiyo kaunti ya Kilifi inayo mamlaka ya kutoza pakingi, hatukatai. Lakini ada hiyo lazima iwe kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, ipitishwe na bunge la kaunti baada ya wananchi kusikizwa, na ulipapo upewe risiti.

Mwenye ploti naye ana haki yake. Akikuruhusu uegeshe ndani ya ukuta wake, atoze anachotaka, ni mali yake. Asichoweza ni kuweka kamba kwenye barabara ya umma, au kwenye nafasi ya pembeni mwa barabara, akakusanya pesa kama kwamba ndiye kaunti. Wala kijana wa mtaa hawezi, hata akiwa ndugu yetu na hana kazi. Tunajua njaa yake. Lakini anapomtoza mama wa samaki bila sheria, anamnyang'anya maskini mwenzake, na anamfanyia kazi yule yule aliyetaka pwani ibaki na wachache.

Wenye hoteli nao wana hoja, na tukiwa waungwana tutazisikiza. Wanalalamikia wizi, makelele ya usiku, magari yanayoziba mageti yao, na taka. Kwenye taka hawakosei. Asubuhi baada ya Idi pili, tembea ufuoni utaona chupa na nepi za watoto. Nani alizileta? Sisi. Na magari kuingia mchangani tusikubali hata siku moja: ufuo wa Watamu ni mahali kasa wanapotagia mayai, na bahari ya Malindi na Watamu ina hifadhi tangu 1968. Gari likipita juu ya kiota, limemaliza kizazi. Pia njia ikizibwa na magari yetu, ambulensi haipiti mtoto akizama. Lakini dawa ya haya yote ni maegesho yaliyopangwa, yaliyo nyuma kidogo ya ufuo, yenye njia safi ya miguu, mapipa na vyoo. Kufunga njia hakusafishi ufuo.

Na wasituambie kwamba uwekezaji unahitaji kuta. Malindi yetu imejaa Waitaliano, basi tuwaulize mambo ya kwao. Italia ufuo ni mali ya dola. Wenye biashara za viti na miavuli hupewa kibali cha muda, na sheria ya 2006 inawalazimu kuwaachia watu njia ya bure hadi ukingo wa maji. Utalii wao haujafa. Nako Marekani, jimbo la California, pale Martins Beach, wenye ardhi wa zamani waliwaacha watu wapite na kuegesha kwa ada ndogo kwa miaka mingi. Mwaka 2008 bilionea Vinod Khosla akanunua ardhi ile, na baadaye geti likafungwa. Wananchi wakaenda kortini. Mahakama zikasema kulifunga geti lile kunahitaji kibali cha mamlaka ya pwani, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiza rufaa yake. Bilionea aliambiwa aombe ruhusa. Mwenye villa ya Malindi ni nani hata asiulizwe?

Kwa hiyo tunaitaka kaunti ya Kilifi na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zifanye mambo manne.

Moja, zitangaze hadharani orodha na ramani ya njia zote za umma za kuteremkia baharini, kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni, kisha ziweke bikoni na mabango yenye jina la kila njia.

Mbili, kila njia inayotumiwa na wengi itengewe maegesho, yakiwemo ya tuktuk, bodaboda, baiskeli na mikokoteni, na nafasi za walemavu mbele kabisa. Kwenye bandari za wavuvi, magari ya kazi yasitozwe kwa kushusha na kupakia.

Tatu, mahali panapotozwa ada pawe na bango linalotaja sheria, kiwango, na namba rasmi ya malipo ya kaunti. Pasipo na bango na risiti, usilipe.

Nne, pesa ya pakingi ya ufuoni ionekane ufuoni: taa, vyoo, waokoaji, usafi. Tunataka hesabu yake itajwe kila mwaka.

Na sisi wananchi tuna kazi. Usipigane na mlinzi getini, yeye ni mwajiriwa tu na mshahara wake mdogo. Piga picha ya geti au kamba, andika tarehe, saa na mahali. Waulize wazee njia ilipita wapi na majina yake ya zamani, yaandikwe wakiwa hai. Kisha andikeni barua kwa afisi ya ardhi ya kaunti mkiomba nakala ya ramani ya eneo lenu. Ibara ya 35 inakupa haki ya taarifa, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaitaka afisi ijibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, mnaweza kulalamika kwa Ombudsman. Mkiipata ramani na njia imo, pelekeni ombi rasmi bunge la kaunti mkiwa na sahihi za mtaa mzima. Ikishindikana, Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kwa maslahi ya umma, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi.

Mwisho, mswada wa fedha wa kaunti huletwa kila mwaka, na vikao vya kusikiza wananchi huitishwa. Ukumbi huwa nusu mtupu, halafu ada ikipita tunalalamika barazani. Safari hii wavuvi waje, akina mama wa samaki waje, madereva wa tuktuk na bodaboda waje, vijana wa pakingi nao waje, maana wakisajiliwa na kaunti watapata kazi ya halali yenye risiti na heshima. Ukisikia tangazo la kikao msikitini, kanisani au redioni, mpitishie jirani, na uje na picha zako.