Wabunge wa Arusha Wanamwakilisha Nani?

Kati ya tarehe 6 na 9 Juni, 2024, wananchi wa nchi 27 za Ulaya walichagua wabunge 720 wa Bunge lao la pamoja. Tarehe 17 wakuu wa nchi hizo walikwisha kukutana Brussels kuzungumzia nani ashike cheo gani. Kugawana vyeo mezani ni desturi ya wakubwa kila mahali. Lakini Ursula von der Leyen, waliyempendekeza wao, ilimbidi angoje kura ya Bunge tarehe 18 Julai. Na kabla ya 1979 wabunge wa Ulaya nao waliteuliwa na mabunge ya nchi zao. Wenzetu waliona haitoshi.

Sisi je? Bunge la Afrika Mashariki lilianza 2001, na hadi leo Ibara ya 50 ya Mkataba inaagiza kwamba wabunge 9 wa kila nchi wachaguliwe na Bunge la nchi hiyo. Kwetu kura hiyo hupigwa Dodoma. Mkulima wa pamba wa Bariadi hana sauti ndani yake.

Suala la mitumba lilidhihirisha ubaya huo. Machi 2016 Wakuu wa Jumuiya waliazimia kukomesha mitumba katika miaka mitatu, ili viwanda vya nguo vya kwetu vistawi. Kwa Simiyu, mkoa wa pamba, hilo halikuwa jambo dogo: pamba nyuzi yetu nyingi huvuka bahari na kuturudia ikiwa nguo. Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu katika AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia, na 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu ya ushuru.

Huenda kulegeza kulikuwa na sababu. Lakini nani alipaswa kuzieleza Maswa, Meatu na Itilima? Mbunge wa Arusha hakuwa na haja ya kufika huko, maana kura yake haitoki huko.

Wapo watakaolia gharama. Walimu na watumishi wanaosimamia vituo wanajua kwamba siku ya Uchaguzi Mkuu mpiga kura wa Bara hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Ya nne haitavunja meza.

Bunge la sasa lilianza Desemba 2022, kwa miaka 5. Mkataba unairuhusu nchi mwanachama kupendekeza marekebisho. Serikali na ipeleke pendekezo hilo kabla Dodoma haijawachagulia wananchi wabunge wengine.