Ndoto ya Baba Mabegani mwa Mabinti

Katika mji mdogo wa Fremont, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, aliishi mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, Austin Wiggin. Utotoni mwake, mama yake alimsoma kiganja akamtabiria mambo matatu: ataoa mke mwenye nywele za rangi ya dhahabu nyekundu, atapata wana wawili wa kiume baada ya mama huyo kufariki, na binti zake wataunda bendi mashuhuri. Mawili yalipotukia, Austin akalihesabu la tatu kuwa deni.

Tuliache la ramli, ambalo hukumu yake waijua. Tutazame malezi.

Katika miaka ya 1960 aliwatoa shuleni Dorothy, Betty na Helen, akawaandikisha masomo ya posta, akawanunulia magitaa na ngoma kwa ujira wake mdogo. Ratiba ya siku, tangu mazoezi ya muziki hadi ya viungo, aliipanga yeye. Bendi iliitwa The Shaggs. Kuanzia 1968 walipiga Jumamosi usiku katika dansi za ukumbi wa mji, na baadhi ya vijana wenzao waliwazomea. Mwaka 1969 aliwalipia kurekodi santuri, ilhali hawajaiva. Miongoni mwa nyimbo zake umo mmoja unaowasifu wazazi.

Helen alipopata mchumba, aliolewa kwa siri, akarudi kukaa kwa wazazi kwa muda, asithubutu kumwambia baba yake. Austin alifariki mwaka 1975, na mabinti wakaviweka vyombo chini.

Utaniambia: mbona santuri ile ilitolewa upya mwaka 1980, na wanamuziki wakubwa wakaisifu? Ni kweli. Lakini sifa hiyo ilimkuta baba kaburini, na mabinti wamekwisha shika maisha mengine.

Sidai kwamba Austin hakuwapenda wanawe. Jasho lake lote liliishia kwao. Kosa lake ni kwamba hakuwauliza. Nasi tunao mabinti na vijana tuliowachagulia masomo, kazi, hata wenza, tukajipongeza kwa utiifu wao. Ukimya wa mtoto si daima ridhaa. Mara nyingine ni hofu iliyovaa adabu. Mzazi asiyeuliza huwa wa mwisho kuambiwa.

Basi leo, baada ya chakula cha usiku, muulize mwanao analolitaka, kisha unyamaze umsikilize.