Ua Lililooza Mezani Mwangu



Mvua za mwezi wa Novemba zilipoanza kunyesha hapa Kinna, mzee mmoja mfugaji alifika ofisini kwetu akiwa ameshika kijiti chenye maua madogo ya manjano. Alikuwa ametoka mbali, na kijiti chenyewe kilikuwa kimekwisha nyauka kwa jua. Akaniambia, "Karani, nimechunga katika nchi hii tangu utoto wangu, nami naijua miti yake kama niwajuavyo ng'ombe wangu. Huu sijapata kuuona. Wewe uliyesoma, niambie jina lake."

Sikuwa na jina la kumpa. Nilimshukuru, nikakitia kijiti katika mtoto wa meza, nikamwahidi kwamba nitauliza. Kazi zikanisonga. Nilipofungua siku nyingi baadaye, nilikuta uozo na vumbi tu. Mzee aliporudi kutaka jibu, niliona haya.

Sisemi kwamba ua lile lilikuwa jipya duniani. Nasema kwamba sasa hapana awezaye kujua, na kosa ni langu. Kwa sababu hiyo nataka kueleza juma hili jinsi mmea mpya unavyopata kujulikana.

Watu wengi hudhani kwamba kuvumbua mmea ni kuwa mtu wa kwanza kuuona. Sivyo. Mchungaji, mganga na mwindaji huiona mimea mingi karne nyingi kabla ya mtaalamu kufika. Katika elimu ya mimea, aina mpya huhesabiwa tangu siku ile maelezo yake yanapopigwa chapa pamoja na jina lake la Kilatini, na kutajwa mfano mmoja uliokaushwa na kuwekwa mahali pa salama, ili mtu ye yote mwenye shaka aende akalinganishe. Desturi ya kuita kila aina kwa majina mawili iliimarishwa na Linnaeus wa Uswidi katika kitabu chake cha mwaka 1753. Kwa miaka mingi maelezo yenyewe nayo yalipaswa kuandikwa kwa Kilatini. Tangu tarehe 1 Januari 2012 yaweza kuandikwa kwa Kilatini au kwa Kiingereza.

Tazameni habari ya ua la Usambara, lile dogo la rangi ya zambarau ambalo leo hupandwa katika vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa Balozi wa Uingereza huko Unguja, alipeleka mfano wake Kew, karibu na London. Mwaka 1887 akapeleka mwingine padre W. E. Taylor, yule yule aliyekusanya methali za Kiswahili. Lakini mifano hiyo haikutosha kwa kuueleza mmea sawasawa, basi ikakaa tu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Wajerumani katika Usambara, aliliona ua hilo, akampelekea baba yake Ujerumani. Likaoteshwa huko, na Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover akaweza kuutazama mmea mzima ungali hai. Mwaka 1893 akauandika kwa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana. Jina hilo halikumtaja Msambaa hata mmoja, ingawa wao ndio waliokuwa wenyeji wa misitu ile.

Siku hizi mambo yameanza kugeuka. Mwaka 2019, katika milima ya Udzungwa, Tanzania, watafiti walikuta mti mkubwa ufikao urefu wa mita 40, usiofanana na mti wo wote ulioandikwa. Maelezo yake yalipigwa chapa mwaka 2025 kwa jina la Tessmannia princeps, na neno hilo la pili maana yake ni mkuu. Miongoni mwa walioyaandika ni Mtanzania, Bwana Aloyce Mwakisoma. Hapa mwenyeji hakuwa mchukuzi wa mizigo; alikuwa mwenye maarifa, na jina lake limo katika kazi.

Je, jambo hili lamhusu nini mkulima au mfugaji? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mmea usioandikwa ni vigumu kutiwa katika orodha ya mimea iliyo hatarini, wala hapana awezaye kuutetea mbele ya shoka. Nchi yetu hapa ni ya vichaka na miiba, na mgeni hudhani haina kitu. Lakini fikirini miti ambayo Waborana huiita hamesa, miti ya jamaa ya manemane. Ziko aina nyingi zinazofanana, nazo hukaa bila majani sehemu kubwa ya mwaka. Nyingi huchanua kabla ya kutoa majani, hata mtu apitaye mara moja tu hawezi kuzitenga. Mwenye nafasi ya kurudi penye mti ule ule, mara kwa maua, mara kwa majani, mara kwa matunda, ni yule akaaye hapa.

Kazi yenyewe haihitaji vyombo vya thamani. Kata tawi dogo lenye majani na maua, au matunda yakiwapo. Using'oe mmea ikiwa ni michache, wala usikate kitu katika Mbuga ya Meru iliyo jirani nasi pasipo ruhusa. Litandaze tawi ndani ya gazeti la zamani, uweke mbao na mawe juu yake, ukibadilisha karatasi kila siku mpaka likauke. Kisha andika mahali, tarehe, urefu wa mmea, rangi ya ua kabla haijapotea, jina ambalo wenyeji huliita, na jina la aliyeliona. Huko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, iko nyumba ya kuhifadhia mimea mikavu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 na kuhamishwa Nairobi mwaka 1950. Humo ndimo wataalamu hulinganisha.

Mvua za Machi zilipofika nilimwomba mzee anipeleke mahali alipolikata ua lile. Tulikwenda kwa miguu tangu alfajiri. Tulipofika tukakuta pamefyekwa, na katikati yake pana tanuri la makaa, majivu yakiwa bado meupe. Mzee alizunguka mahali pale mara mbili akitazama chini, kisha akasema, "Tutafute upande wa pili wa mto."

Tulitafuta hata jua likawa kali, tusilione. Mvua zijazo tutakwenda tena. Magazeti ya zamani nimekwisha yatenga, na jina la mzee ndilo litakaloandikwa kwanza.