Mashariki ya Congo: mwalimu achunguze darasa lake mwenyewe, simu imsindikize

Kwa miaka mingi, mwalimu wa shule ya msingi katika Kivu, Ituri, Maniema ama Tanganyika amezoea kufundishwa kazi yake na watu wanaotoka mbali. Mradi unafika, semina ya siku 3 inafanyika, kila mtu anapewa kaye, kalamu na pesa ya usafiri, kisha mradi unafunga ofisi. Mwalimu anarudi darasani kwake na matatizo yale yale aliyoyaacha.

Kuna njia nyingine, ambayo imejaribiwa katika inchi nyingi: mwalimu mwenyewe anachagua tatizo moja la darasa lake, analichunguza kwa wiki kadhaa, anajaribu kubadilisha jambo moja, kisha anapima kama kuna tofauti. Msindikizaji, yule ambaye wengi humwita encadreur, anamfuata hatua kwa hatua kupitia kikundi cha WhatsApp ama maandishi ya pamoja kwenye intaneti kama Google Docs. Wakati huu ambapo barabara zimekatika na wafadhili wanapunguza mkono, njia hii inastahili kutazamwa kwa makini, faida zake pamoja na hatari zake.

Kwa nini sasa

Mambo 3 yamekutana. La kwanza ni wingi wa watoto. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali, lakini ni katika Septemba 2019 ndipo serikali ilianza kweli kutekeleza jambo hilo. Watoto wengi waliingia shuleni, madarasa yakajaa, na walimu wakabaki na mbinu zilizotengenezwa kwa darasa dogo.

La pili ni vita. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, mwezi wa Januari na Februari 2025, benki zilifunga milango katika miji hiyo, na kusafiri kutoka sehemu moja hadi nyingine kumekuwa kazi ngumu. Inspekta hawezi tena kuzunguka kama zamani, wala mwalimu wa kijijini hawezi kufika mjini kwa semina kirahisi.

La tatu ni pesa za kigeni. Mradi wa ACCELERE!, ulioanza mwaka 2015 kwa pesa za Marekani na Uingereza, ulisaidia kufundisha watoto kusoma katika Kiswahili, Lingala na Tshiluba. Leo hata shirika la USAID lenyewe halipo tena: lilisimamisha kazi zake rasmi tarehe 1 Julai 2025. Kinachobaki kisha mradi kuondoka ni kile ambacho mwalimu anakijua na anaweza kukifanya bila kungoja mtu.

Wazo lenyewe lina umri

Wazo hili halikuletwa na simu. Mwaka 1946, Kurt Lewin, mtaalamu wa saikolojia mwenye asili ya Ujerumani aliyehamia Marekani, aliandika juu ya uchunguzi unaokwenda pamoja na matendo: kupanga, kutenda, kutazama matokeo, kisha kupanga upya. Mwaka 1975, Lawrence Stenhouse wa Uingereza alitetea kwamba mwalimu ana haki ya kuwa mtafiti wa kazi yake, kwa sababu yeye ndiye anayeliona darasa kila siku. Katika vyuo vyetu vya ualimu, wanafunzi wanaijua kwa jina la Kifaransa: recherche-action.

Kilichobadilika ni usindikizaji. Zamani msindikizaji alilazimika kuja shuleni, ama mwalimu aende chuoni. Leo mwalimu anaweza kuandika jioni, msindikizaji akajibu asubuhi, na wenzake wa shule nyingine wakasoma mazungumzo hayo na kuongeza lao.

Inavyofanyika: mfano mmoja

Tuseme kuna mwalimu wa mwaka wa tatu mwenye watoto 70. Saa ya kusoma ikifika, wanaonyoosha mkono ni wale wale 8. Anaandika kwenye kikundi: «Watoto wangu hawapendi kusoma.»

Msindikizaji mbaya angemjibu mara moja kwa ushauri. Msindikizaji mzuri anauliza: ni watoto gani? Umejuaje? Kwa wiki moja, mwalimu anachukua orodha ya majina na kuweka alama kila mara mtoto anaposoma kwa sauti. Ijumaa anahesabu, na anagundua kwamba watoto 50 hawakufungua mdomo wiki nzima. Tena wengi wao wanakaa nyuma, mbali na ubao. Hapo swali linageuka. Hawezi tena kusema kwamba watoto hawapendi, kwa sababu hata nafasi ya kusoma hawakuipata. Swali jipya ni hili: atafanya nini ili kila mtoto asome kwa sauti angalau mara 2 kwa wiki?

Anajaribu kitu kidogo. Kila siku, kwa dakika 10, watoto wanasoma wawili wawili, kitabu kimoja katikati, mmoja anasoma na mwingine anafuata kwa kidole. Kabla ya kuanza, amechagua watoto 12 na kuwasomesha mmoja mmoja kwa dakika moja, akihesabu maneno waliyosoma vizuri. Hesabu hizo anazitia katika jedwali la maandishi ya pamoja, akitumia namba badala ya majina.

Hapa ndipo faida ya kufanya kazi pamoja inaonekana. Msindikizaji anaandika pembeni: «Hao 12 ulichaguaje?» Mwalimu anajibu kwamba aliwachukua waliokuwa karibu. Mwenzake wa shule nyingine anashauri apige kura kwenye orodha nzima, maana walio karibu na meza mara nyingi ndio wanaojua. Anarudia upya. Kisha wiki 6 anapima tena. Watoto kadhaa wameendelea, wengine wamebaki pale pale. Akiwatazama waliobaki, anaona kwamba hawawezi kusoma hata Kiswahili, lugha wanayoizungumza nyumbani.

Mwalimu huyo ameligusa, kutoka darasani kwake, swali kubwa la inchi nzima. Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa ama za mazingira zitumike katika kufundisha. Lakini mtoto ambaye hakushika herufi katika lugha yake anavuka kwenda Kifaransa akiwa mikono mitupu. Waraka wa wizara hauwezi kumwambia mwalimu ni watoto gani wako katika hali hiyo. Orodha yake yenye alama inaweza.

Somo la Kakuma

Mfano wa karibu uko katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, kaskazini ya Kenya, ambako Wacongomani wengi wanaishi. Walimu wengi wa kambi hiyo ni wakimbizi wenyewe, na wengi waliingia darasani bila kusomea ualimu. Karibu miaka 10 iliyopita, Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilianzisha huko programu iliyounganisha mambo 3: mafunzo ya ana kwa ana, walimu kutembeleana darasani, na washauri wa mbali waliofuatana nao kwa WhatsApp.

Programu hiyo haikuitwa utafiti, lakini inaonyesha jambo muhimu: simu haikusimama peke yake. Walimu walikuwa wamekutana uso kwa uso kwanza, na mwenzao wa shuleni alikuwa anaingia darasani kuona. Hata IFADEM, programu ya inchi zinazotumia Kifaransa iliyofika pia Katanga ya zamani, ilitegemea vijitabu na watutori waliokutana na walimu. Anayedhani kwamba kufungua kikundi cha WhatsApp kunatosha, atapata kikundi cha matangazo, salamu za asubuhi na habari za msiba.

Vikwazo vinavyoweza kuua kazi

Kikwazo cha kwanza ni mega. Wacongomani hawajasahau RAM, makato ya uniti yaliyoanza mwaka 2020 na kuondolewa mwaka 2022 kisha malalamiko mengi. Mwalimu anayengoja mshahara, ama yule wa nouvelle unité ambaye hata hajaanza kulipwa na serikali, hawezi kuombwa anunue mega kwa ajili ya utafiti. Ndiyo maana maandishi mafupi na ujumbe wa sauti vinafaa kuliko mikutano ya video. Pia kazi ipangwe ili mwalimu aandike kwenye kaye wiki nzima, kisha atume mara moja anapopata mtandao na moto wa kuchaji simu.

Kikwazo cha pili ni woga. Katika mazoea yetu, anayetazama kazi ya mwalimu ni inspekta, na inspekta anatoa alama. Kama mtu huyo huyo anakaa ndani ya kikundi, nani ataandika kwamba watoto wake 50 hawakusoma? Kila mmoja ataandika kwamba mambo yanaenda vizuri. Msindikizaji asiwe yule anayetia sahihi kwenye cote ya mwaka. Anaweza kuwa mwalimu mzoefu, mkurugenzi wa shule ya jirani, ama mtu wa Institut Supérieur Pédagogique. Inspekta apewe matokeo mwishoni, walimu wenyewe wakikubali.

Kikwazo cha tatu ni usalama, na hapa hakuna mchezo. Picha ya darasa inaonyesha sura za watoto, jina la shule, wakati mwingine hata mahali ilipo. Katika sehemu zenye silaha, simu inaweza kunyang'anywa na kufunguliwa njiani. Uchunguzi wa kusoma hauhitaji sura wala jina la mtoto: namba zinatosha, na orodha ya majina ibaki kwenye karatasi shuleni. Wazazi nao waambiwe mapema kinachofanyika.

Kikwazo cha nne ni kutotambuliwa. Mwalimu akichunguza darasa lake mwaka mzima, kisha kazi yake isihesabiwe popote, mwaka unaofuata hatarudia.

Kinachoweza kuanza bila kungoja

Shule nyingi tayari zina mikutano ya walimu wa shule jirani, ile inayoitwa forum d'échange. Walimu 6 ama 8 wa eneo moja, wanaojuana, wanaweza kuchagua kila mmoja swali moja kwa muhula, wakakutana mwanzoni na mwishoni, na katikati wakafuatana kwa simu na msindikizaji mmoja. Kikundi kidogo kinafaa zaidi, kwa sababu ndani yake ukimya wa mtu unaonekana.

Kwa vyuo vya ualimu vya Bukavu, Goma, Bunia ama Kindu, ni nafasi pia. Wanafunzi wao huandika kazi za mwisho wa masomo ambazo mara nyingi hulala kwenye maktaba. Wakisindikiza walimu wa msingi kwa mwaka mmoja, kazi hizo zingetoka darasani na kurudi darasani.

Njia hii haitajenga madarasa yaliyobomolewa, haitafungua benki, na haitalipa walimu. Anayeitetea kwa kusema kwamba inafuta mahitaji hayo anawadanganya walimu. Lakini swali la nani anajua kinachofanya mtoto wa Kalehe ama wa Fizi ashindwe kusoma, haliwezi kungoja amani. Jibu lake linapatikana kwa anayeingia darasani kila asubuhi, mradi apate mtu wa kumuuliza vizuri, na asilipie mega hizo kutoka mfuko wake.