Mnaionea MSG, chumvi mnaiacha

Jamani wana-hosteli, jana tulikuwa tunapika maharage. Chumba mwenzangu akakataa katakata kiungo cha pakiti: "Kina MSG hicho, sumu!" Kisha akamwaga chumvi vijiko viwili sufuriani. Nikacheka, ila moyoni niliumia.

Tuelewane. MSG ni glutameti na sodiamu. Mjapani Kikunae Ikeda aliipata mwaka 1908 akichunguza utamu wa supu ya mwani. Glutameti hiyohiyo imo kwenye nyanya tunazokaanga kila siku. Hofu ilivuma baada ya mwaka 1968, daktari mmoja alipoandikia jarida la Marekani kwamba hujisikia vibaya akila migahawa ya Kichina. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba kiasi cha kawaida kinadhuru watu wengi. Lakini usijimwagie tu: mwaka 2017 wataalamu wa Ulaya waliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku.

Haya, chumvi je? Shirika la Afya Duniani linataka tusifike gramu 5 kwa siku, hata kijiko cha chai hakijai. Viungo vingi vya pakiti vina chumvi tele, nasi tunaongeza nyingine! Mama yangu ana presha. Daktari alimwambia apunguze chumvi, MSG hakuitaja.

Kesho tutaitwa walimu, tutawafundisha watoto uvumi? Ukiweka kiungo cha pakiti, onja kwanza, chumvi baadaye.

Mnasemaje wenzangu?