Hesabu ya Daktari Gatling

JICHO LA JUMAMOSI
Na Mwanaidi Kheri

Richard Gatling alisomea udaktari lakini hakutibu watu. Riziki yake ilitoka kwenye mashine za kupandia mbegu. Mwaka 1862, Wamarekani wakiuana wao kwa wao, akapata hataza ya bunduki ya mitutu sita.

Ukiutazama mtambo ule, mkulima bado yumo. Risasi zinadondoka kutoka juu kwa uzito wake, kama mbegu. Askari anazungusha mpini, na mitutu inazunguka: kila mmoja unapokea risasi, unafyatua, unatema ganda, kisha unapoa kidogo kabla zamu yake haijarudi. Hapo ndipo penye akili, maana mtutu mmoja ungeungua. Gatling alifikisha risasi 200 hivi kwa dakika. Askari mwenye bunduki ya kushindilia alihangaika kupiga tatu.

Sababu aliieleza katika barua ya 1877. Alikuwa Indianapolis akiona askari wakienda vitani na wakirudishwa majeruhi, wagonjwa na maiti, wengi wakiwa wameuawa na maradhi. Akawaza kwamba mtu mmoja akiweza kufanya kazi ya watu mia, majeshi makubwa hayatahitajika, na wengi watanusurika.

Barua hiyo iliandikwa miaka kumi na mitano baadaye, na mwenyewe alikuwa na bidhaa ya kuuza. Haya, tumwamini. Kinachonikera ni hesabu: amewahesabu walio nyuma ya mpini, walio mbele ya mitutu hakuwatia kabisa. Julai 1879, wakipigana na Wazulu huko Ulundi, Waingereza waliziweka Gatling mbili mbele ya kikosi chao. Zilikwama mara kadhaa, na mizinga na bunduki za kawaida nazo zilifanya kazi kubwa. Hata hivyo Wazulu walianguka kwa mamia. Waingereza waliokufa hawakufika ishirini. Na majeshi ya Ulaya? Yaliendelea kunenepa.

Mwaka 1884 Hiram Maxim akauondoa mpini: nguvu ya kila risasi inayoisukuma bunduki nyuma ndiyo ikawa inapakia inayofuata. Bunduki za aina hiyo ndizo wapiganaji wa Maji Maji walizokutana nazo Mahenge, Agosti 1905, walipolivamia boma la Wajerumani. Askari waliokuwa nyuma yake walikuwa wachache kweli, kama Gatling alivyotaka.